Somo: Kumlisha mbwa mwenye kisukari kwa chakula cha nyumbani au cha mfuko

Karibu kila mbwa anayeugua kisukari, kongosho lake halitoi tena insulini ya kutosha, homoni inayoshusha sukari ya damu. Kwa hiyo hakuna unga wala mzizi utakaomwachisha sindano. Atachomwa insulini kila baada ya saa 12, kwa kawaida maisha yake yote. Kazi ya chakula ni kuifanya dozi iaminike. Daktari wa mifugo anapanga dozi kufuatana na chakula anachokula mbwa huyo. Leo akila bonge la ugali, kesho mifupa mitupu, dozi ileile itakuwa ndogo leo na kesho itamwangusha.

Hatua ya 1: Mpime

Kama hakai kwenye mizani, mbebe mpande pamoja, halafu panda peke yako na utoe tofauti. Kisha pitisha viganja ubavuni. Mbavu zinatakiwa kuhisika bila kukandamiza, lakini zisionekane kwa mbali.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya kalori

Zidisha kilo zake kwa 30, ongeza 70. Hizo ni kalori za mbwa aliyepumzika tu. Mbwa mzima wa kawaida, aliyehasiwa, zidisha jibu kwa 1.6. Mbwa wa kilo 20: 600 + 70 = 670, mara 1.6 ni kama kalori 1,070 kwa siku, yaani 535 kila mlo. Kama ni mnene na alitakiwa kuwa na kilo 16, tumia hizo 16 na usizidishe kwa 1.6: atakula 550 kwa siku nzima. Apungue asilimia 1 hadi 2 ya uzito kwa wiki, asizidi hapo. Mpime kila wiki mbili, maana hesabu hii ni ya kuanzia tu.

Hatua ya 3: Chakula chenyewe

Chakula cha mfuko ndicho rahisi, kwa kuwa kalori zimeandikwa. Mfuko ukisema kalori 3,500 kwa kilo, mbwa wetu wa kilo 20 atakula gramu 150 kila mlo. Tumia mizani ya jikoni. Kikombe hudanganya: ukikitikisa kinaingia zaidi. Usinunue chakula laini chenye sharubati au sukari.

Kwa chakula cha nyumbani, kosa kubwa ni kupima ugali. Ugali laini una maji mengi, mgumu una maji machache. Sahani mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kupishana sana kwa wanga. Pima unga mkavu kabla haujaingia kwenye sufuria. Gramu 100 za unga wa mahindi zina kalori kama 360. Dona ni bora kuliko sembe kwa sababu ya nyuzinyuzi, na mtama hupandisha sukari polepole kuliko wali.

Mfano wa mlo mmoja wa mbwa wa kilo 20:

- unga wa dona au mtama, gramu 60, upikwe uive kabisa
- nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta, gramu 150 ikiwa mbichi, ichemshwe
- kabichi au karoti iliyochemshwa, gramu 100
- mafuta ya kupikia, kijiko kimoja cha chai
- unga laini wa maganda ya mayai, robo kijiko cha chai

Usitie chumvi, kitunguu wala kitunguu saumu. Mlo huu una upungufu wa zinki, shaba, iodini na vitamini D na E, hivyo muombe daktari mchanganyiko wa madini na vitamini kabla haujawa chakula chake cha kudumu. Ngozi ya kuku, utumbo wenye mafuta na mafuta ya kukaangia visimfikie: kongosho lililochoka huvimba upesi kwa mafuta, na likivimba sukari haishikiki tena.

Hatua ya 4: Badilisha polepole, na daktari ajue

Changanya kipya na cha zamani kwa siku 7, ukiongeza kipya kidogo kidogo. Mbwa aliyekuwa akila ugali mtupu akipunguziwa wanga, mahitaji yake ya insulini yanaweza kushuka. Dozi ya zamani hapo ni hatari.

Hatua ya 5: Ale kwanza, sindano baadaye

Saa 1 asubuhi na saa 1 jioni, milo miwili sawasawa. Subiri amalize, ndipo uchome. Angalia pia chupa na bomba la sindano: insulini ya U-40 (yuniti 40 kwa kila mililita) ina bomba lake, na ya U-100 (yuniti 100 kwa mililita) lake. Ukivuta U-100 kwa bomba la U-40 hadi alama ya 10, umempa yuniti 25.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo daktari. Amekula nusu tu, nimchome?*

Marahaba. Madaktari wengi hutoa nusu dozi kwa nusu mlo. Asipokula kabisa au akitapika, usichome kwanza. Piga simu palepale. Usikae kimya siku nzima, kwa sababu bila insulini mwili huchoma mafuta na ketoni, asidi zitokanazo na mafuta hayo, hujaa mwilini, naye huzidi kulegea na kutapika.

*Wangu amekonda mno. Nimpe pumba apate nyuzinyuzi?*

Hapana, dada. Nyuzinyuzi nyingi zinamfaa mnene. Aliyekonda zitamshibisha kabla hajapata kalori. Mpe chakula cha kawaida chenye protini nzuri hadi uzito urudi. Kama ni jike ambaye hajatolewa kizazi, zungumza na daktari kuhusu upasuaji. Homoni za baada ya joto, yaani kipindi cha kutaka dume, huzuia insulini kufanya kazi.

*Anamaliza ndoo ya maji. Nimpunguzie?*

Kamwe. Anakunywa kwa sababu sukari inatoka na mkojo na kuvuta maji. Pima anachokunywa: kikizidi mililita 100 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, sukari bado iko juu. Maji yawepo muda wote.

*Anaweza kupata vitafunwa?*

Visizidi asilimia 10 ya kalori za siku, na viwe vilevile kila siku: tango, karoti, kipande cha nyama iliyochemshwa. Siagi ya karanga na bigijii zenye zailitoli (kitamu kinachotumika badala ya sukari) zinaua, na zabibu vilevile.

*Mwezi wa Ramadhani nyumba nzima inabadilisha saa za kula. Naye abadilishe?*

Abaki na saa zake. Waambie watoto na mlinzi mapema kwamba tambi za sukari na kaimati za futari zisifike kwenye bakuli lake.

*Jana usiku aliyumba na kutetemeka baada ya sindano. Nifanyeje ikirudi?*

Hiyo ni sukari kushuka. Kama anameza, mpe chakula mara moja. Kama amelegea, mpake asali kwenye fizi kwa kidole. Usimmiminie mdomoni, itaingia kwenye mapafu. Akiwa na degedege usitie kidole kabisa, atakung'ata bila kujua. Kisha mpeleke kwa daktari hata kama ameamka, na usichome dozi inayofuata kabla daktari hajaipanga upya.