Dakika 2 za mwanzo: usiwaulize watazamaji wanapenda nini, waonyeshe

Wanafunzi wengi wakipewa kazi ya kutengeneza mwanzo wa filamu ya taharuki, hukimbilia hojaji: "Je, unapenda filamu za kusisimua?" Kila mtu anajibu ndiyo, na wewe hujajua lolote.

Chora shoti zako zote (vipande vya filamu vinavyorekodiwa bila kukatizwa) kwenye karatasi, hata watu wa vijiti wanatosha. Zipige picha kwa simu, zipange kwa mfuatano, halafu weka sauti: bawaba inayolia, bomba linalodondosha maji, mtu anayehema. Waonyeshe watu watano au sita wa rika unalolilenga, mmoja mmoja (wakiwa kundi watacheka tu). Usieleze kitu. Tazama nyuso zao, si skrini. Kisha uliza: unadhani nini kitafuata? Unamhofia nani?

Mimi nilikuwa na shoti ya sekunde 12 ya msichana akipekua mkoba kutafuta funguo. Niliipenda mno. Wanne kati ya watano walidhani ameibiwa, na kivuli nyuma yake hakuna aliyekiona! Nikakitanguliza kivuli, funguo zikafuata. Sasa mtazamaji anajua asichokijua msichana, na anakaa roho juu.

Umri wa watazamaji nao uamue kabla ya kurekodi filamu. Kenya, kwa mfano, hupanga filamu kwa madaraja ya umri: GE (watu wote), PG (watoto waongozwe na wazazi), 16 (miaka 16 na zaidi) na 18 (watu wazima). Ukilenga watoto wa kidato cha kwanza, kisu kibaki nje ya fremu, isikike sauti yake tu kikichomolewa drooni.