Kumlea mwalimu awe kiongozi: jukumu litangulie cheo

Katika shule nyingi za Tanzania, mwalimu huonja uongozi siku anapokabidhiwa barua ya uteuzi. Kabla ya hapo ameandika mihtasari ya vikao, amesimamia usafi, ameshika zamu. Zamu inamzoeza kusimamia, ila haimpi nafasi ya kuamua jambo na kubeba matokeo yake. Mkuu wa shule aanzie hapo.

Mpe jukumu moja lenye mwanzo na mwisho. Kwa anayeandaliwa kuwa mtaaluma, yaani mwalimu anayesimamia taaluma shuleni, mtihani wa nusu muhula unafaa sana: apange ratiba, agawe usimamizi, akusanye maswali ya walimu wa masomo wiki mbili kabla, akadirie karatasi. Wanafunzi 180, masomo 6, kurasa 4 kila mtihani, ni kurasa 4,320. Zikichapwa pande mbili ni karatasi 2,160, yaani rimu 5, na zinazobaki zitafidia zitakazoharibika. Mwache apige hesabu hiyo mwenyewe, kisha mpitie pamoja.

Mkabidhi kwa maandishi, ukitenga mambo matatu: anayoamua peke yake (nani asimamie chumba kipi), anayokushirikisha kwanza (kusogeza tarehe), na yanayobaki kwako (malipo, nidhamu ya walimu). Yatangaze kikaoni yeye akiwepo. Hapa ndipo mengi huharibika. Walimu wakongwe watamruka waje ofisini kwako kuomba wabadilishiwe zamu ya usimamizi. Warudishe kwake, hata kama jibu unalo mdomoni. Ukilitoa mara moja tu, hakuna atakayemsikiliza tena.

Mpunguzie vipindi, na ufanye hivyo ratiba ya shule inapopangwa, kabla muhula haujafunguliwa. Mwenye vipindi 28 kwa wiki abaki na 24. Bila hivyo atasahihisha madaftari usiku, atachoka, nawe utadhani hana uwezo.

Kila wiki kaeni dakika 20. Muulize kilichokwama na alichojaribu, kisha nyamaza. Kosa lake lizungumzieni hapo, kamwe si mbele ya wenzake.

Vikao vya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) shuleni ni uwanja mwingine mzuri. Aongoze kimoja, halafu akaangalie somo la mwenzake: asome andalio la somo kwanza, akae nyuma dakika zote 40, aandike wanachofanya wanafunzi kuliko anachosema mwalimu, na wazungumze siku hiyohiyo. Maandishi hayo yasiingie kwenye upimaji wa utendaji kazi. Yakiingia, walimu watamwona mkaguzi na kuanza kuigiza masomo.

Angalia pia saa ya vikao. Kikao cha saa 11 jioni kinawaondoa walimu wa kike wenye watoto wadogo kabla hujapima uwezo wao. Kiwekwe saa 8 mchana.

Mtihani ukiisha, yeye ndiye awasilishe matokeo kwa walimu na kujibu maswali. Muhula unaofuata mpe rasimu ya bajeti ya taaluma, aitetee mwenyewe mbele ya kamati au bodi ya shule.