SOMO: Usitupe TV ya chogo, ifunge hivi uendelee kuangalia

Wakuu heshima kwenu, na wa nyanda za juu poleni na baridi. Kila nikipita soko la Mwanjelwa, Mbeya, naona machogo (zile TV za zamani zenye mgongo mkubwa) yamepangwa nje ya vibanda vya mafundi yanauzwa bei ya kutupa, na mengi hayaumwi chochote, mwenye nalo kanunua king'amuzi kakuta matundu hayaingiliani basi kaambiwa na muuzaji anunue flati. Flati nzuri sikatai. Ila kama lako picha safi na hela ndo hiyo ya mbolea, kaa hapa nikupe darasa. Toka analojia izimwe (Dar walianza Desemba 31, 2012, Mbeya ikafuata Aprili 2013) kilichokufa ni ule mtindo wa antena kuleta picha moja kwa moja, TV yenyewe haina kosa.

HATUA YA 1. Geuza chogo uangalie mgongoni kabla hujanunua waya wowote. Ukikuta matundu ya rangi tatu umemaliza nusu ya kazi, njano ni picha, nyeupe na nyekundu ni sauti. Kuna mengine yana njano na nyeupe tu, hapo nyekundu iache ining'inie ila ingia kwenye king'amuzi sehemu ya sauti uweke MONO, la sivyo utasikia upande mmoja, mpira unachezwa mtangazaji humsikii. Yale ya mtumba kutoka Ulaya yana tundu moja pana la meno 21, hilo lina kichwa chake cha kubadilishia, mwambie muuzaji akupe chenye kiswichi cha IN na OUT, wewe weka IN. Na kama mgongoni kuna tundu la antena tu basi ruka hadi hatua ya 3.

HATUA YA 2. Chomoa kila kitu ukutani ndo uunganishe. Ving'amuzi vingi vidogo vya siku hizi havina matundu ya rangi, vina kitundu kama cha earphone, waya wake una pete tatu nyeusi kwenye ncha. Sasa hapa ndo watu wanapotapeliwa bila hata muuzaji kujua, hizi waya zinafanana kwa macho ila ndani hazijapangwa sawa, ukichomeka ukasikia mngurumo na picha hakuna usikimbilie kusema king'amuzi kibovu, hamisha, ile nyekundu iweke kwenye tundu la njano uone, mara nyingi picha inakuja hapohapo. Ikija acha ivyo ivyo, rangi zisikusumbue.

HATUA YA 3, ya machogo ya zamani kabisa. Tafuta deki la mikanda, lile la VHS. La DVD halifai kwa hii kazi maana mengi hayana RF OUT (tundu la kutolea picha kwa waya wa antena) wala AV IN (matundu ya rangi ya kuingizia picha na sauti). Omba lile ambalo halisomi mkanda, utapewa kwa bei ya chuma chakavu, sisi hatutaki lisome mkanda tunataka litugeuzie picha. Kampuni ya mwisho kuyatengeneza, Funai ya Japani, iliacha Julai 2016 kwahiyo lolote utakalokuta ni la zamani, usibabaishwe na mtu anayekwambia jipya. King'amuzi kinaingia AV IN ya deki, afu waya wa antena unatoka RF OUT ya deki unaenda kwenye TV. Washa deki, bonyeza AV au LINE, kisha kwenye TV tafuta chaneli taratibu upande wa UHF, mengi yanakaa maeneo ya chaneli 36, ikigoma zungukia kati ya 30 na 39. Picha ikiwa safi ila sauti inakoroma, angalia nyuma ya deki kuna kiswichi kimeandikwa B/G na I (ni mifumo miwili ya sauti), kipeleke upande wa pili. Ukishapata hifadhi hiyo chaneli namba 1 ili hata bibi akiwasha asihangaike.

HATUA YA 4. Kwenye mipangilio ya king'amuzi weka PAL (mfumo wa rangi wa huku kwetu) na 4:3 (umbo la kioo cha chogo). Picha ikija haina rangi au inapanda kama ngazi, kimekaa NTSC, mfumo mwingine wa rangi. Ukiacha 16:9, umbo la flati, watu wote wanakuwa warefu wembamba.

HATUA YA 5, hii ndo inayoua machogo ya huku kwetu kuliko uzee. Umeme ukikatika chomoa, maana kinachoua sio kukatika ni ule unaorudi kwa kishindo, subiri dakika kama tano ndo uchomeke au nunua gadi ya TV ikusubirie yenyewe. Novemba mpaka Aprili na hizi radi zetu, wingu likianza kunguruma chomoa umeme NA waya wa dishi au antena, watu wanachomoa wa ukutani wanaacha wa dishi, radi inapita huko huko inamaliza king'amuzi na TV kwa pamoja. Kuzima kwa rimoti hakusaidii kitu, ndani bado umeme upo.

Wa Tukuyu, Makete, Njombe: unyevu. Vumbi likilowa ukungu likakaa kwenye flaibeki (kile kifaa cha ndani kinachopandisha umeme wa kioo) na ule waya mnene unaoenda kwenye kioo utasikia chiii chiii kama kitu kinakaangwa, na kaharufu flani. Zima, peleka kwa fundi alisafishe kwa spiriti. Ukilisafirisha kwenye baridi ukaliingiza nyumba yenye joto usiliwashe hapohapo, liache masaa kadhaa likauke.

NA USIFUNGUE MWENYEWE. Kile kioo kinabeba volti hadi 25,000 hivi na kinaweza kubaki na umeme huo hata kama umechomoa. Fundi anajua pa kuutolea, wewe hujui.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Makambako: Mkuu chogo langu asubuhi linakataa kuwaka, linatoa tik tik tik tu, ikifika saa saba mchana linawaka fresh. Ni umeme mdogo?
JIBU: Hapana bro, hizo ni kapasita (vidude vya kutunza umeme) za upande wa pawa zimekauka, na zikishakauka baridi inazimaliza kabisa, jua likipanda zinapata nguvu kidogo ndo linawaka. Fundi anabadilisha kapasita mbili tatu tu, ni vitu vya bei ndogo. Akikwambia flaibeki imekufa mwambie abadilishe kapasita kwanza.

Mdau wa Kihesa, Iringa: Kona ya kulia ina rangi ya kijani na zambarau, mtoto aligonga au?
JIBU: Sabufa iko wapi? Nina uhakika iko kulia. Sumaku ya spika inavuta rangi, isogeze mbali. Afu zima TV kwa swichi kubwa, iache nusu saa ipoe, washa. Ule mlio wa "dwuum" wakati wa kuwaka ni TV inajisafisha sumaku, inafanya ivyo ikiwa imepoa. Rudia siku mbili tatu rangi itarudi.

Mdau wa Mbalizi: Nimenunua kile kiboksi cha HDMI kwenda AV, picha hakuna kabisa.
JIBU: Soma juu yake. HDMI2AV na AV2HDMI ni vitu viwili tofauti na vinafanana sura. Wewe unataka HDMI2AV, inayopokea HDMI na kutoa AV ya matundu ya rangi. Na kinataka umeme wake wa volti 5, kichomeke kwenye chaja ya simu. Kina kiswichi cha PAL/NTSC pembeni pia. Kama ulitaka kurushia simu, simu nyingi za bei yetu hazitoi picha kwa waya, usipoteze hela.

Mdau wa Uyole: Vipi muvi za flashi? Deki la DVD linasoma flashi ila muvi zinagoma, linaandika halijui faili.
JIBU: Flashi ifomati FAT32, na muvi mwambie jamaa wa stationary akubadilishie ziwe AVI. MP4 za siku hizi deki za zamani hazizijui.

Dada wa Mafinga: Kaka mbona hujasema yuniti? Si linakula umeme?
JIBU: Linakula dada. Inchi 21 chukulia wati 80, masaa matano kwa siku ni yuniti 12 kwa mwezi. Flati ya LED ya inchi 32 ni kama nusu yake. Kama uko kwenye ile bei nafuu ya umeme ya wasiozidi yuniti 75 kwa mwezi piga hesabu na pasi na friji kabla hujaamua, ukiona unakaribia 75 bora uanze kudunduliza ya flati.

Mdau wa Makambako (tena): Na likifa kabisa? Madogo huku wanapasua kioo watoe kopa.
JIBU: Wakataze. Kile kioo kina madini ya risasi ndani yake na kikipasuka kinarusha vipande. Mpelekee fundi likiwa zima, atachomoa spika, flaibeki na kopa ile bila kuvunja, na ukibembeleza anakukatia bei kwenye hizo kapasita.