Sikukuu Isikumalize: Krismasi na Familia Ukiwa kwenye Matibabu ya Saratani

Kabla hujanunua chochote wala kumwalika yeyote, chukua kalenda. Tafuta tarehe ya dripu yako ya mwisho kabla ya tarehe 25 Desemba, kisha hesabu siku kwenda mbele. Mwili ulio kwenye matibabu una majira yake, na hayo ndiyo yatakayoamua Krismasi yako itakuwaje, si mapenzi ya shangazi wala ratiba ya kanisa.

Mimi nina saratani ya utumbo mpana iliyokwisha kusambaa kwenye ini. Napewa dawa kila baada ya wiki mbili, na nikitoka hospitali narudi nyumbani na kichupa kilichofungwa kiunoni kinachoendelea kuniingizia dawa kwa saa 46. Siku za kwanza baada ya hapo mimi si mtu wa kuketi na watu. Wiki ya pili kichwa kinatulia, ladha inarudi, naweza hata kugombeza. Kwa hiyo naitaka Krismasi iangukie wiki ya pili.

Lakini angalia hapa, maana wengi hujikwaa. Kwa dawa nyingi za kemo, yaani dawa kali za kuua saratani, chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maambukizi, hushuka chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14. Aliyetundikiwa dripu tarehe 15 Desemba, sikukuu inamkuta siku kumi baadaye, katikati ya kipindi hicho hasa. Ndiyo kusema ile wiki unayojisikia mzima inaweza kuwa ndiyo wiki ambayo mafua ya mtoto mmoja yanakulaza wodini. Kujisikia vizuri ni jambo moja, kuwa na kinga ni jambo lingine. Panga kwa kuyazingatia yote mawili.

Mwulize daktari mapema, Novemba ikiwezekana, kama tarehe inaweza kusogezwa. Wakati mwingine siku chache zinasogezeka bila madhara, wakati mwingine hapana. Inategemea dawa na lengo la tiba. Usijipe ruhusa mwenyewe ya kuruka dozi kwa sababu ya wageni. Ukiwa kwenye mionzi, uliza kama mashine itafanya kazi siku za sikukuu, na kama haifanyi, vipindi utakavyokosa vitafidiwaje.

Ujumbe unaotangulia wageni

Nyumba nyingi hungoja mpaka watu wafike ndipo mgonjwa aanze kujieleza mlangoni, mmoja mmoja, hadi pumzi inamwishia kabla chakula hakijapakuliwa. Mimi naandika ujumbe mmoja wiki mbili kabla na mume wangu anausambaza kwa wote:

"Wapendwa, karibuni kuanzia saa sita mchana. Nitakaa nanyi mpaka nichoke. Nikichoka nitaingia chumbani bila kuaga, msinifuate. Mwenye mafua, kikohozi, kuharisha, au mtoto mwenye vipele, tusalimiane kwa simu, tutakula pamoja siku nyingine. Mambo ya jikoni ulizeni kwa wifi. Habari za ugonjwa ulizeni kwa mume wangu, si kwangu, siku hiyo."

Mara ya kwanza kuna shemeji aliona ni ukali. Sasa ananitumia picha ya kipimajoto cha mwanawe kabla ya kuondoka kwake.

Hilo la vipele nalisisitiza kuliko yote. Ukikaa na mtu mwenye tetekuwanga, surua au mkanda wa jeshi, piga simu kliniki siku hiyo hiyo hata kama hujisikii vibaya, kwa sababu kuna kinga inayoweza kutolewa mapema na isifae ukichelewa. Mtoto mchanga aliyepewa chanjo ya matone karibuni, mbebe ukitaka, ila nepi zake abadilishe mtu mwingine. Wote wanawe mikono kwa sabuni wakiingia, wazee kwa watoto. Weka sabuni na maji mahali pasipokwepeka.

Upande wa pili wapo wanaokuogopa wewe. Waambie wazi: saratani haiambukizi. Aliyepigwa mionzi kwa mashine ya nje habaki na mionzi mwilini, anakumbatiwa kama kawaida. Aliyemeza dawa yenye mionzi, kama ile ya tezi ya shingo, huyo kliniki humpa masharti yake na ayafuate, hasa mbele ya watoto na wajawazito. Na ukiwa umetundikiwa kemo ndani ya siku mbili zilizopita, funika choo kabla ya kuvuta maji, na anayesafisha matapishi avae glovu. Kula meza moja hakuna shida yoyote.

Jikoni: toa kazi nzima

Miaka yote mimi ndiye niliyekuwa mwenye jiko. Kulitoa kuliniuma kuliko kupoteza nywele, nasema kweli. Ila nimejifunza namna ya kulitoa: usimwombe mtu akusaidie kupika. Ukisema "nisaidie," wewe unabaki msimamizi, unaulizwa chumvi iko wapi, nyama imetosha, sufuria gani itumike. Mpe mtu kazi yote, kuanzia kununua hadi kusugua sufuria.

"Wifi, mwaka huu jiko ni lako."

"Na wewe utafanya nini?"

"Nitakaa kwenye kile kiti nikuudhi."

Akacheka, akalichukua, na chakula kikawa na ladha yake, si yangu. Nyamaza ule.

Jibakizie kazi moja ndogo ya kufanya ukiwa umekaa, ambayo usipoiweza hakuna kitakachoharibika. Mimi nasoma habari ya kuzaliwa kwa Yesu kabla ya kula. Sauti ikigoma, binti yangu anapokea ukurasa.

Kuhusu usalama wa chakula sitaki mjadala na mtu. Nyama iive hadi ndani. Yai liive hadi kiini kigande. Maziwa yawe yamechemshwa au ya pakiti. Matunda na mboga mbichi zioshwe vizuri, na ukiambiwa chembe ziko chini sana, uliza kama uziache kwanza. Sahani yako ipakuliwe mwanzo, kabla mikono ya watu wote haijapita kwenye mabakuli. Chakula kilichokaa mezani zaidi ya saa mbili kwako kimekwisha, hata kama wengine wanaendelea kuchota. Kilichowekwa kwenye friji kipashwe moto hadi kifuke mvuke, mara moja tu. Balungi na mitishamba hupatana vibaya na baadhi ya dawa, kwa hiyo usionje kwa adabu, sema umekatazwa. Pombe nayo ni ya kumwuliza daktari, si ya kumwuliza mjomba.

Ladha ni habari nyingine. Kila kitu kikiwa na ladha ya chuma, tumia kijiko cha plastiki au cha mti. Harufu ya mafuta ikikutibua moyo, kaa mbali na jiko mpaka chakula kitengwe. Watakushauri ule vitu vya baridi kwa kuwa havinuki sana, na ushauri ni mzuri, isipokuwa kama dawa yako ni oksaliplatini kama yangu: siku za mwanzo baada ya dripu, kinywaji baridi hufanya koo likaze na vidole vichomwe kama kwa sindano hata kwa kugusa mlango wa friji. Sisi chakula chetu kiwe vuguvugu, na soda itolewe nje ya friji mapema.

Mama yangu ndiye mtihani. "Kula mwanangu, usipokula utaisha." Nimempa kazi: kila baada ya saa mbili ananiletea kiasi cha vijiko vichache kwenye kisahani kidogo, hata kama ni mkate na mchuzi tu. Amekoma kunilisha kwa macho, nami nashiba zaidi kuliko nikiwekewa sahani iliyojaa.

Ukiona homa

Sehemu hii bandika kwenye mlango wa friji. Joto likifika nyuzi 38 au zaidi wakati uko kwenye kemo, hata mara moja, piga simu au nenda hospitali saa hiyo. Usingoje wageni waondoke. Usimeze kwanza parasetamoli ili "uone itakuwaje", kwa sababu inashusha joto na kuficha maambukizi yakiendelea. Ukipata baridi ya kutetemeka, nenda hata kama kipimajoto kinasema sawa. Maambukizi kwa mtu asiye na chembe nyeupe yanaweza kumwangusha kwa saa chache.

Tatizo la Krismasi ni kwamba kliniki yako huenda imefungwa. Kwa hiyo kabla ya tarehe 20 uliza: simu gani inapokewa usiku wa sikukuu, na niende hospitali ipi? Andika namba hiyo pamoja na majina ya dawa zako na tarehe ya dripu ya mwisho. Ukifika mapokezi sentensi ya kwanza iwe, "Niko kwenye kemo na nina homa," kabla hata ya jina. Na nyumbani achaguliwe mtu mmoja wa kukupeleka, ambaye siku hiyo hagusi pombe. Kwetu ni kaka yangu. Analalamika kila mwaka na hajawahi kukosa.

Ukisafiri kwenda kwa ndugu, dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi pamoja na za akiba za siku kadhaa na barua ya daktari. Safari ndefu, simama na kutembea mara kwa mara: saratani huongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, si uchovu wa safari, ni wa kuonwa leo.

Dawa za maumivu zimezwe kwa saa zake hata kama unaogopa kusinzia mbele za watu. Maumivu yakishapanda, kuyashusha huchukua muda mrefu zaidi. Anayetumia morfini asisahau ya kulainisha choo.

Mezani

Utaambiwa umekonda. Utaambiwa umenenepa, kumbe ni dawa za steroidi zimekuvimbisha. Utapewa habari za jirani wa fulani aliyepona kwa mizizi. Mimi nina jibu moja kwa yote, "Ahsante, nimesikia," kisha namwuliza msemaji habari za kazi yake. Watu hupenda kuulizwa habari zao, na mazungumzo yanahama.

Watoto waambiwe kabla, siku ya kawaida, na ugonjwa utajwe kwa jina lake. Waambie hawakuusababisha, hauwaambukizi, na nani atakuwa nao ukilazwa. Usipofanya hivyo, mmoja atauliza mbele ya watu wote. Wangu mdogo aliuliza, "Mama, utapona lini?" Nikamwambia: "Huu hautaondoka, mwanangu. Dawa zinauzuia usikimbie. Leo niko hapa." Akaomba soda. Waliolia ni watu wazima.

Na sasa lile lisilosemwa. Ukiwa na saratani isiyoponyeka, kila Krismasi kuna mtu mezani anayewaza kuwa ndiyo ya mwisho. Utamjua: anapiga picha nyingi mno, anataka kila kitu kiwe kama zamani, anakasirika mtoto akimwaga maji. Siku nzima inageuka mazishi yenye keki. Mimi niliwaita mume wangu na ndugu zangu mwanzoni mwa Desemba, jioni moja tu, nikawaambia: mwenye neno la kuniambia aniambie sasa au siku yoyote ya kazi, si mezani. Tukasema tuliyokuwa nayo. Tukalia. Wosia na sauti ninazowarekodia wanangu pia nazifanyia siku hizo za kawaida, mchana, nikiwa na nguvu. Baada ya hapo tarehe 25 haikubebeshwa mzigo ambao si wake, na kaka yangu alipoanza tena ubishi wake wa mpira, hakuna aliyemnyamazisha.

Kama daktari amewaambia muda ni mfupi, usingoje kalenda. Fanyeni Krismasi Novemba. Fanyeni wodini, watu watatu watatu, kwa ruhusa ya wauguzi. Na kama mwaka huu hutaki kabisa, mwambie mtu mmoja unayemwamini, yeye awaambie wengine, ulale.

Siku yenyewe, kaa kwenye kiti chenye mikono ya kuegemea, karibu na mlango, usiwe umezibwa nyuma ya meza. Lala mchana kabla hujachoka, si baada. Misa ndefu iliyojaa watu, nenda ya asubuhi yenye watu wachache au fuata kwa redio. Muda mzuri kwangu ni saa sita hadi saa nane. Zawadi tunafungua hapo, hatungoji usiku.

Tarehe 26 usipange kitu. Uchovu wa saratani hauondoki kwa usingizi wa usiku mmoja, na maambukizi ya jana huchukua siku kadhaa kujitokeza, kwa hiyo endelea kupima joto asubuhi na jioni mpaka wiki ipite. Wageni wanaolala kwako wajue siku ya kuondoka kabla hawajafika, na anayewaaga awe mtu mwingine, wewe ukiwa kitandani.