Kupima mafuta ya mbata: blenda iweke kando

Juzi nimemsaidia mwanafunzi mmoja hapa Unguja. Mbata ya gunia moja ilimpa mafuta asilimia 48, kisha 55, kisha 51. Akalaumu mashine, na mashine ya watu ni nzima kabisa.

1. Chota sampuli juu, kati na chini ya gunia. Changanya.

2. Unyevu: oveni nyuzi 103, saa 3, halafu pima kila baada ya saa moja mpaka uzito utulie. Ukianza kupanda, mafuta yanashika oksijeni. Chukua uzito mdogo kabisa.

3. Kusaga. Hapa ndipo penye kazi. Ufuta unasagika kwa blenda, sina neno. Mbata ukiitia humo inapata moto, inatoa mafuta yanayonata ukutani mwa jagi, na wewe unapima makapi. Ikune kwa mbuzi, huyu huyu wa jikoni, meno yake yakiwa safi na makavu. Pima gramu 5 za hiyo iliyokunwa *kabla* ya lolote jingine, ikaushe kidogo (maji yanazuia hekseni, kimiminika cha kuyeyushia mafuta, isipenye), kisha itwange kwenye kinu cha maabara pamoja na mchanga uliooshwa na kuchomwa. Kinu kipanguse kwa pamba yenye hekseni, na pamba hiyo nayo itie kwenye kifuko cha karatasi. Usipoitia, mafuta yako yamebaki kinuni.

4. Tia kifuko kwenye Soxhlet (chombo cha kioo kinachozungusha hekseni ya moto ikamue mafuta), saa 4. Toa kifuko, acha hekseni ipae, twanga tena, rudisha saa 2. Wengi wanairuka hatua hii, na ndiyo iliyopandisha asilimia za kijana wangu. Moto wa wazi usisogee. Tumia beseni la maji linalopashwa kwa umeme. Maji ya bomba ya kupozea mvuke yasipotabirika, zungusha ya ndoo yenye barafu kwa pampu ndogo.

5. Fukiza hekseni, kausha chupa, pima. Chupa tupu gramu 112.40, ikiwa na mafuta 115.55: ni gramu 3.15, yaani asilimia 63. Unyevu ukiwa asilimia 6, gawa 63 kwa 0.94 upate 67 kwa mbata kavu. Andika umetumia ipi.

6. Ukitaka na protini: Kjeldahl (njia ya kupima nitrojeni), kisha nitrojeni mara 5.30 kwa nazi na ufuta, 5.46 kwa karanga. Ile 6.25 ya mazoea inaongeza chumvi. Chicha ya hatua ya 4 usiitumie hapa, ina mchanga. Chukua sampuli mpya.