Kabla ya kupokea maktaba huria, mjue anayeitunza

Hapa Lamu tunatengeneza programu ya kuwapangia manahodha safari za Mokowe na Mkunguni. Tuliwahi kupokea maktaba huria, yaani msimbo ulio tayari ambao yeyote anaruhusiwa kuutumia, ya kukokotoa kujaa na kupwa kwa maji. Ilitufaa sana, mpaka siku tulipopandisha toleo la Python, lugha tunayoandikia programu, ikagoma. Niliripoti, nikatuma na marekebisho yenyewe, mistari sita tu. Kimya. Bamvua likafika nami nakesha nikifumua msimbo wa mtu nisiyemjua. Tangu hapo tuna utaratibu, na hatuuruki.

Kwanza, hesabu mikono. Pakua hifadhi nzima ya msimbo, ingia ndani yake, uandike amri hii ya git, programu inayotunza historia ya msimbo:

git shortlog -sn --no-merges --since=1.year

Utaona kila jina na idadi ya mabadiliko aliyofanya mwaka huu uliopita. Yetu ilikuwa na jina moja tu, na pembeni yake 2. Wingi wa nyota, alama watu wanazoupa mradi walioupenda, usikuvutie: nyota ni za wapita njia.

Pili, soma ripoti kumi za karibuni. Tazama kama mtunzaji alijibu, na baada ya siku ngapi. Roboti kufunga ripoti iliyokaa sana si jibu.

Tatu, na hapa usifanye haraka, mwandikie mtunzaji. Mweleze kazi unayotaka kuifanya, kisha muulize: unakusudia kuendelea nayo mwaka ujao? Nani mwingine ana ruhusa ya kutoa toleo? Ukichoka, utamwachia nani? Andika kwa adabu, maana wengi wao hawalipwi hata senti. Akikwambia amechoka, mshukuru, amekuepusha na mengi. Mwaka 2018 mtunzaji wa event-stream, maktaba huria ya JavaScript, alimwachia kazi mgeni aliyejitolea kumsaidia, na ukaingizwa msimbo wa kuiba bitcoin. Mwaka 2024 ikagunduliwa kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu huria ya kubana mafaili, yana mlango wa siri. Aliyeuweka alijenga uaminifu kwa zaidi ya miaka miwili, huku mtunzaji wa asili akishinikizwa na walalamikaji kwamba anachelewa. Ndiyo maana tukiomba ahadi, nasi tunaahidi: tutajaribu matoleo mapya kabla hayajatoka, na tukipata tutachangia fedha.

Nne, tafuta mtu wa kwenu. Katika mradi wetu kuna faili iitwayo WATUNZAJI. Kila maktaba ina mstari wake: nani kati yetu anaifuatilia, lini tutaikagua tena, na tutafanya nini ikiachwa. Jina liwe la mtu mmoja. Ukiandika “timu nzima”, siku ikiharibika kila mtu atamngoja mwenzake.

Wiki iliyopita ililetwa maktaba ya kuchora ramani, safi kabisa, na mtunzaji wake alijibu siku ileile. Nikauliza mara mbili nani atatia jina. Hakuna aliyejitokeza, hatukuipokea.