Kuondoa NetworkManager kwenye Ubuntu 22.04 bila kukatikiwa na mtandao

Juzi baada ya alasiri alinijia maalimu mmoja kutoka Shela, laptopu kaizonga kwenye kikoi isirukiwe na maji botini. Alitaka iwe seva ya kuwekea masomo ya wanafunzi wake. Alikuwa amesoma mahali kwamba NetworkManager, programu inayosimamia miunganisho ya mtandao, haina kazi kwenye seva, akaiondoa, na mtandao ukaenda nayo. Kosa hilo nami nilishalifanya, likanikesha hapa Langoni, Lamu, hadi adhana ya alfajiri. Hivi ndivyo ninavyofanya sasa.

1. Tazama kitakachoondoka

`sudo apt -s remove network-manager`

Hiyo `-s` huigiza tu, haigusi kitu. Isome orodha yote.

2. Tayarisha netplan

Netplan husoma mpangilio wa mtandao kwenye faili, ikamkabidhi wa kuutekeleza; hapa tunamkabidhi networkd badala ya NetworkManager. Kwenye `/etc/netplan/01-network-manager-all.yaml` weka:

```
network:
  version: 2
  renderer: networkd
  wifis:
    wlp2s0:
      dhcp4: true
      access-points:
        "JinaLaWiFi":
          password: "nenosiri"
```

Jina la kadi yako, la kuweka mahali pa `wlp2s0`, litafute kwa `ip link`. Tumia nafasi, si tab. Kisha `sudo netplan try`: usipothibitisha ndani ya sekunde 120, hujirudishia mpangilio wa zamani.

3. Zima, usiondoe

`sudo systemctl disable --now NetworkManager`

Washa kompyuta upya. Mimi huishia hapa. Programu iliyolala haili chochote ila nafasi ndogo ya diski, na siku ukiihitaji unaiamsha kwa mstari mmoja.

4. Kama umeshaiondoa

Hapa ndipo maalimu alipokuwa. Baada ya kuondoa, aliandika pia `sudo apt autoremove`, inayofuta vifurushi visivyohitajika tena, ikabeba na `wpasupplicant`. Bila hiyo, Wi-Fi yenye nenosiri haiunganiki, hata netplan iwe sahihi namna gani.

Basi unachomeka simu kwa waya wa USB, unawasha kushiriki intaneti, na bado hakuna kitu. Usiku ule nilibadilisha waya tatu, nikanunua bando jingine, nikailaumu simu. Simu haikuwa na kosa. Mwenye kazi ya kuiomba anwani ya IP alikuwa ni NetworkManager, nami nilishamfukuza. Iombe mwenyewe:

`ip link`

Tafuta `usb0`, au jina linaloanza na `enx`, ulitumie hilo badala ya `usb0` hapa chini. Halafu:

`sudo ip link set usb0 up`
`sudo dhclient usb0`
`ping -c 3 8.8.8.8`

Usitikise waya. Ukichomoka, simu nyingi huzima kushiriki zenyewe, na ukirudisha, hilo jina la `enx` laweza kuwa jingine. Rudia tangu `ip link`. Ikiwa 8.8.8.8 inajibu lakini `ping ubuntu.com` haijibu, njia ipo, kilichokosekana ni kutafsiri majina:

`sudo resolvectl dns usb0 8.8.8.8`

Kabla ya kuteketeza bando, chungulia `/var/cache/apt/archives`. Huenda faili za `.deb` zimo, ukazisakinisha kwa `sudo dpkg -i`. Usitegemee sana, maana `apt` hufuta faili hizo baada ya kusakinisha, ilhali `apt-get` huziacha. Ndiyo sababu mimi natumia `apt-get`, na wanaonicheka kwamba ni ya kizee waje wanicheke mtandao wao ukikatika. Zikikosekana:

`sudo apt-get install network-manager wpasupplicant`

Ukitaka NetworkManager ishike usukani tena, rudisha `renderer: NetworkManager` kwenye faili la hatua ya 2, uondoe na sehemu ya `wifis`, kisha `sudo netplan apply`. Maalimu hakutaka, tukamwekea networkd na hatua ya 3, akawahi boti kabla ya magharibi.

Na ukishikilia kuiondoa kabisa, tanguliza `sudo apt-mark manual wpasupplicant`, kisha hiyo `autoremove` usiiguse mpaka Wi-Fi iwe imeshika baada ya kuwasha upya.